Bibi Mizani Apimwa Mifupa

Mmenisumbua wiki tatu nzima niandike habari za Bibi Mizani, kana kwamba mwenyewe hana mdomo. Anao, tena mpana. Ila akieleza mwenyewe anapunja: yale ya aibu anayaruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Basi naandika mimi jirani yake. Alinisimulia yote mara mbili tukianika nguo, na binti yake akanisimulia mara ya tatu, akisahihisha. Kalamu si kazi yangu. Atakayecheka mwandiko huu aandike yeye.

Bibi Mizani alikuwa mpimaji kwenye ghala la nafaka la ushirika. Miaka arobaini na mmoja alisimama kando ya mizani ile kubwa ya chuma, na hapakuwa na mkulima wala mchuuzi aliyewahi kumlaghai akaenda nyumbani akicheka. Alizijua hila zote. Alimjua anayelowesha mahindi usiku ili yapande uzito, na anayeficha jiwe katikati ya gunia. Alimjua hata yule anayejifanya anafunga kamba ya kiatu huku kidole gumba kinakandamiza ubao wa mizani. Aliligusa gunia kwa goti, akalinusa, akasema kwa upole, "Fungua, baba, toa mawe yako. Nyumba haijengwi kwangu."

Kila asubuhi gunia la kwanza alilipandisha yeye. Lilikuwa gunia dogo la maharage, kilo ishirini na tano, na wapagazi wote walisimama wakitazama. Akishalitua ndipo siku ilipohesabiwa kuwa imeanza. Aliyejaribu kumsaidia alipigwa jicho ambalo lilimfanya aombe ruhusa ya kwenda kunywa maji.

Sasa siku moja alijikwaa kwenye kizingiti cha ghala. Si anguko la kusimulia, ni kama mtoto anavyokaa chini. Alijiegemeza kwa mkono wa kushoto, na mkono ukaitika kah, kama kijiti cha kiberiti. Daktari alipoufunga plasta akatikisa kichwa. "Bibi, anguko hili lilikuwa dogo mno kwa mfupa kuvunjika. Plasta ikitoka, nenda ukapimwe mifupa tujue imebaki na nini ndani."

Binti yake alikuwepo. Huyu binti ni mwalimu wa shule ya msingi, na amezoea kusema jambo mara moja tu. Akasema, "Mama, ukipimwa ukakutwa mifupa imeisha, ghala basi. Unahamia kwangu, unakaa kwenye kiti."

Kile kiti Bibi Mizani alikuja kukijua vizuri. Wiki sita za plasta alikalishwa humo, kiti chenye mito miwili, mbele ya televisheni, blanketi magotini utadhani mgonjwa wa kukata roho. Siku ya nne alikuwa ameshapima kwa mkono kila kitu kilichoingia nyumba ile. Mkate aliuinua, akasema, "Huu una upungufu, rudisheni dukani." Alimpima paka. Alimpima mkwewe kwa macho tu, akamwambia ameongezeka kilo nne tangu harusi, na mkwe akawa anakula jikoni amesimama. Kwa hiyo mtaona kwamba kiti kile hakikutakiwa na mtu yeyote, si yeye wala mkwe. Mwalimu peke yake ndiye aliyekitaka.

Plasta ikatoka, siku ya kipimo ikapangwa kuwa Alhamisi. Bibi Mizani akarudi nyumbani kwake Jumatatu, akafunga mlango, akafikiri kama afikirivyo mpimaji. Mifupa inapimwa. Kinachopimwa kinaweza kuongezwa. Na nani hapa duniani anayejua kuongeza uzito kwenye mizani kuliko yeye aliyewakamata wote?

Alianza na chakula, kwa sababu daktari alitaja maziwa na jua. Jumatatu alikunywa maziwa lita tatu. Jumanne alikunywa nne, akala samaki wadogo bakuli zima pamoja na mifupa yao, kwa hoja kwamba mfupa huenda kwa mfupa mwenzake. Tumbo likamjibu kwa lugha ambayo sitaiandika. Kuhusu jua, maskini, miaka yote hiyo alikuwa kivulini mwa ghala, anaingia alfajiri anatoka magharibi. Basi akatandika turubai uani, akajianika kama mahindi. Kila baada ya nusu saa alijigeuza. Nilipochungulia nikamwona amelala kifudifudi, mikono ameitanua.

"Jirani," nikamwita, "kunani?"

"Nifukuzie hao kuku," akasema bila kuinua kichwa. "Wameshaanza kunidonoa."

Nikamwambia mfupa haujazwi kwa siku tatu kama debe. Akaniambia mimi ninajua kufua tu. Nikarudi kwenye karai langu, maana ni kweli nafua vizuri.

Jumatano jioni ndipo shetani wa wachuuzi alipomwingia. Alikuwa na mawe yake ya mizani ya zamani, ya shaba, yale ya duara yenye kishikio kidogo juu kama cha mfuniko wa sufuria. Ushirika ulimpa ulipoleta mapya. Akachukua manne ya robo kilo, akayashonea ndani ya shimizi, mawili nyonga ya kulia, mawili ya kushoto, kwa sababu alisikia kwamba wanapima kiuno na nyonga. Alishona kwa uzi wa kufungia magunia. Alipomaliza akasimama mbele ya kioo, akatembea. Shimizi likagonga ng'o, ng'o. Akajiambia kuwa hospitali zina kelele, nani atasikia.

Na msifikiri moyo haukumuuma. Aliniambia mwenyewe kuwa alilala macho. Miaka arobaini na mmoja anawaambia watu watoe mawe, leo mawe yako kwake. Lakini kila alipotaka kuyafumua alikiona kile kiti na mito yake miwili, akageukia ukutani.

Alhamisi asubuhi alikunywa pia maji vikombe saba, ile hila ya mahindi yaliyoloweshwa, akaenda na Mwalimu. Kumbe kabla ya mashine kuna maswali. Chumba kilikuwa kidogo, kina meza, kipimo cha urefu ukutani, na binti mmoja wa mashine mwenye koti jeupe na miwani, sauti laini kama uji.

"Umri, Bibi?"

"Sitini na kitu."

"Sabini na mbili," akasema Mwalimu.

"Sabini na mbili ni sitini na kitu. Hicho kitu ndicho kumi na mbili."

Binti wa mashine akaandika. Akamwambia asimame ukutani apimwe kimo. Akasoma, akatazama kitambulisho, akasoma tena. "Umepungua sentimita tano, Bibi."

"Sijapungua. Kipimo chenu kimetundikwa juu mno. Nileteeni futi yangu."

"Mifupa ya mgongo ikilegea inakandamizana, mtu anakuwa mfupi. Mama yako mzazi aliwahi kuvunjika nyonga?"

"Mama yangu alivunja watu. Yeye hakuvunjika."

"Alivunjika, Mama," Mwalimu akasema. "Mimi nilikuwa darasa la tano, ndiye aliyekuwa amelala chumba cha nyuma mwaka mzima."

Bibi Mizani akamwangalia binti yake kwa namna ambayo angemwangalia mkulima aliyemchongea mwenzake. Binti wa mashine akaendelea. Damu ya mwezi ilikoma lini? Mapema, arobaini na mbili, jambo ambalo Bibi alilijibu akitazama dari. Anavuta sigara? Hapana. Tumbaku ya aina yoyote?

"Hapana."

"Ugoro," akasema Mwalimu.

"Ugoro unapita puani. Mifupa haiko puani."

"Maziwa unakunywa, Bibi?"

Hapo uso wake ukang'aa. "Lita saba."

"Kwa mwezi?"

"Tangu Jumatatu."

Binti wa mashine akaweka kalamu chini kidogo, akaishika tena. "Na kazi yako ni ya kukaa au ya kusimama?"

"Ya kusimama, ya kubeba, ya kutembea kati ya magunia. Tangu nikiwa na miaka thelathini na moja."

"Hilo zuri," akasema binti, na ndilo neno zuri la kwanza Bibi Mizani alilolisikia asubuhi ile. "Mfupa unaofanyishwa kazi unajijenga. Mtu mwembamba kama wewe angekuwa kitandani sasa hivi kama angekaa tu."

Bibi Mizani akageuka kumtazama Mwalimu aone kama amesikia. Mwalimu alikuwa anatafuta kitu mkobani.

Akaambiwa aingie ndani, avue kila kitu, avae gauni la hospitali, atoe mkufu, pini, chochote cha chuma. Akavua gauni lake. Shimizi hakulivua. "Mimi na shimizi langu," akasema nyuma ya pazia, "tumezeeka pamoja. Sivuliwi na mtoto."

"Halina chuma?"

"Chuma ni mimi mwenyewe."

Akapanda kitandani, ng'o ng'o, akajilaza. Kitanda kile ni bapa kama meza, na juu yake kuna mkono wa mashine unaotambaa taratibu bila kumgusa mtu. Bibi Mizani akavuta pumzi, akakandamiza makalio na visigino kwa nguvu zake zote, kama yule wa kidole gumba. Akakaza mpaka meno. Mkono wa mashine ukapita ukiimba wimbo wake mwembamba, ukarudi, ukasimama.

Binti wa mashine akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Bibi," akasema binti wa mashine akiitazama skrini, "wewe una nyonga ngapi?"

"Mbili kama watu."

"Hapa kuna vitu vinne vya duara vinavyong'aa kuliko mwezi. Vina vishikio."

Mwalimu, aliyekuwa mlangoni, akasogea akaitazama skrini. Hakuhitaji kufundishwa. Alikua akichezea mawe yale sakafuni kabla hajajua kuandika a. Akafunika uso kwa viganja viwili, mabega yakaanza kutikisika, na mpaka leo anasema alikuwa analia.

"Ni mawe ya robo," Bibi akasema hatimaye, akiitazama dari. "Ni sahihi. Yamekaguliwa na serikali."

Yule binti wa mashine hakucheka, au alicheka ndani kwa ndani kama waliosoma. Akasogeza kigoda, akakaa karibu na kichwa cha Bibi. Akamweleza kwamba mashine ile haipimi uzito hata kidogo, hata angebeba tembo. Inapitisha mwanga usioonekana katikati ya mwili. Mfupa ulioshiba madini unauzuia mwanga, mfupa uliopungukiwa unauachia upite, na wao wanahesabu kilichopita. "Ni kama pazia, Bibi. Zito linaleta giza, lililochakaa unamwona jirani."

Bibi Mizani akafikiri. "Kwa hiyo gunia kwa nje laweza kuwa lilelile, limesimama, limejaa."

"Ndiyo."

"Na ndani fukusi wamekula, yamebaki maganda."

"Ndiyo, Bibi. Tunatafuta fukusi."

"Ungeniambia mapema," akasema Bibi Mizani, akaketi, akaingiza mkono chini ya gauni la hospitali, akakata uzi wa magunia kwa meno yake, moja baada ya jingine. Akayapanga yale mawe manne juu ya kigoda kwa unyenyekevu wa mchuuzi aliyekamatwa. "Nipime tena. Sitakandamiza."

"Ulikuwa unakandamiza?"

"Kidogo."

Akapimwa upya, na safari hii alilala kama maji ya mtungi.

Majibu yalisomwa na daktari yuleyule wa plasta, siku ileile baada ya saa sita. Mama na binti wakakaa mbele ya meza yake, Bibi akiwa na mawe mkobani. Daktari akasema nyonga ni kasoro moja na nukta mbili, yaani chini ya sifuri, uti wa mgongo ni kasoro mbili na nukta nane.

"Kasoro ya nini?" akauliza Bibi. "Mizani yangu ikisoma chini ya sifuri naikaza skrubu. Simwambii mtu gunia lake halipo."

"Sifuri ni mwanamke wa miaka thelathini, Bibi. Tunakulinganisha naye."

"Huyo mwanamke yuko wapi?"

"Hayuko. Ni wastani."

"Mnanipima na mtu asiyekuwepo, tena mtoto. Nilipokuwa na miaka thelathini mbona hamkuja? Mngemleta huyo wastani wenu tushindane na gunia la kilo tisini."

Daktari mvumilivu yule. Akasema hata akilinganishwa na wanawake wa umri wake, mgongo umeliwa. Umri, hedhi iliyokoma mapema, ugoro, miaka ya kivuli, mama aliyevunjika, vyote vimekula. Nyonga ndiyo iliyonusurika, na imenusurika kwa sababu ya kazi. Akaandika vidonge, kimoja kwa wiki, unakimeza na maji bilauri nzima na hulali mpaka nusu saa ipite. Maziwa kwa kiasi, jua kwa kiasi, ugoro basi. Kisha akainua vidole viwili. "La kwanza, asikae. Mfupa unaokaa unayeyuka, na hicho kiti mnachokisema kitamwangusha haraka kuliko kizingiti. La pili, asinyanyue. Gunia moja, hata dogo, linaweza kuvunja pingili ya mgongo, na hapo ndipo atakapolala kweli."

Mnajua ilivyokuwa njia nzima ya kurudi. Mwalimu akasema, "Umesikia, asinyanyue." Bibi akasema, "Asikae." Asinyanyue. Asikae. Mtu aliyewapita alidhani ni wimbo wa kuruka kamba. Walipofika mlangoni Mwalimu akasimama.

"Mama, sikiliza. Ghala utarudi. Lakini Jumatatu nakuja mwenyewe kabla ya kengele ya shule. Nikikuona umeshika gunia, moja tu, hata la kufungulia siku, funguo za mizani nazichukua mimi nazipeleka ofisini, na kiti nakutandikia."

"Watanionaje wapagazi?"

"Watakuonaje ukiwa umelala chumba cha nyuma?"

Bibi Mizani akaingia ndani, akayatoa mawe mkobani, akayarudisha mahali pake.

Jumatatu ikafika. Wapagazi kumi na mmoja wamesimama, mikono kifuani, kama kawaida. Mwalimu yuko mlangoni na mkoba wa madaftari. Gunia la maharage liko chini, kilo ishirini na tano. Bibi Mizani akaenda mpaka lilipo. Wiki zote zile za plasta mkuu wa wapagazi, mtu mrefu wanayemwita Nguzo, alikuwa amelipandisha yeye, na alikuwa akisema waziwazi kwamba siku hazikuanza vizuri.

Bibi akalitazama gunia. Anasema lilionekana dogo kama mto wa mtoto. Anasema mikono ilikwenda yenyewe mpaka nusu ya njia. Hapo akaikunja nyuma ya mgongo, akashika kiganja kwa kiganja.

"Nguzo," akasema. "Lipandishe."

Nguzo hakusogea. Alimjua. Akajua ni mtego. "Hapana, Mama. Sina kosa lolote mimi."

"Nakuambia pandisha gunia."

"Mama, kama kuna aliyenichongea asimame hapa aseme mbele yangu."

Watu wakaanza kutazamana. Mmoja akavua kofia kama yuko msibani. Bibi Mizani akaona kwamba hakuna njia ya pembeni, lazima apite katikati, mbele ya wote, na kwa maneno.

"Nimepimwa," akasema. "Mgongo umepungua, nimekatazwa kunyanyua. Nikinyanyua navunjika, mtanipima mkiwa mmenibeba. Kwa hiyo nakuomba, mwanangu. Nisaidie kulipandisha."

Neno "nakuomba" halikuwa limesikika ghala lile tangu mizani iletwe. Nguzo akainama, akalinyanyua gunia kwa mikono miwili kama anabeba mtoto mchanga, akalitua juu ya ubao pole pole. Bibi Mizani akainamisha jicho kwenye mshale.

"Nguzo."

"Naam, Mama."

"Toa goti lako. Unaniongezea kilo mbili."

Wapagazi wakacheka, siku ikaanza. Mwalimu akatazama saa, akaondoka mbio, akachelewa kengele kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, na Bibi Mizani yuko kwenye mizani ile mpaka hivi ninavyoandika. Anatembea kutwa kati ya magunia, mikono nyuma, na anasema "nakuomba" mara kumi kwa siku kwa sauti ya mtu anayetukana.

Yangu nimeyatoa, na vidole vinaniuma. Sasa zamu yako uliyesoma bure. Inuka hapo ulipokaa, umpeleke mama yako akapimwe mifupa, au ujipeleke kama mama ni wewe. Halafu uniandikie alijibu nini alipoulizwa umri, neno kwa neno, usipunje. Na uandike kwa herufi kubwa.